Kishikio Chekundu

Maiti ilikutwa imekaa.

Mgongo ulikuwa umeegemea ukuta wa mawe unaozuia mawimbi, miguu imenyooshwa, kichwa kimelala begani, kama mtu aliyechoka akapumzika kidogo kabla ya kurudi nyumbani. Ni ile kofia ngumu tu, iliyopasuka kutoka mbele hadi nyuma, iliyosema vingine. Tiara yake ya kitambaa cha njano, kubwa ya kutosha kuezekea kibanda, ilikuwa imenasa upande wa pili wa ukuta, ikipigwa na upepo, ikijikunjua na kujikunja. Kamba zake nne zilikuwa bado zimeshikana na mkanda wa kiunoni wa marehemu.

Inspekta alisimama mbali kidogo na maji. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini na hajui kuogelea. Jambo hilo alilifanya siri, na kituo kizima kilikuwa kinalijua.

"Nani huyu?" aliuliza.

"Mkutubi wa maktaba ya mjini," alijibu Sajini, mama mtu mzima aliyebakiza miezi tisa kustaafu. "Miaka arobaini na mitatu. Watu wanamwita Mama Kimya."

"Kwa nini?"

"Maktaba, afande. Kazi yake kunyamazisha watu."

"Na huku alifuata nini?"

"Alikuwa anajifunza mchezo huu. Unasimama juu ya ubao, tiara inakuvuta, unateleza juu ya maji. Leo lilikuwa somo lake la tano."

Inspekta aliitazama bahari, akaitazama tiara, akatikisa kichwa. Wapo watu hapa duniani wanaolipia kufanya yale ambayo wengine wangelipia wasifanye.

Mwalimu wa tiara alikuwa amekaa mchangani, maji yakimchuruzika. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kupiga kelele.

"Ilikuwaje?"

"Upepo uligeuka ghafla, ukaja kwa nguvu. Ukamnyanyua, ukamburuta kuelekea ukutani."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Majini, mita mia mbili hivi, na mwanafunzi mwingine. Nilimpigia kelele. Vuta chekundu! Vuta chekundu!"

"Chekundu ni nini?"

Mwalimu alimwonyesha mkanda wake mwenyewe. Mbele, karibu na kulabu, palikuwa na kishikio cha kitambaa chekundu. "Hiki ndicho cha dharura. Ukikivuta, pini inachomoka, tiara inakuachia, inakwenda zake. Wewe unabaki na maji tu, na jaketi la kuelea unalo."

"Hakuvuta?"

"Alivuta, afande. Niliuona mkono. Alivuta, akavuta. Halafu akaweka mikono yote miwili, akavuta tena."

"Kwa muda gani?"

"Dakika nzima. Labda na zaidi. Mimi nilikuwa naogelea tu." Aliinamisha uso. "Unaogelea, na unaona hufiki."

Inspekta alivaa glavu, akarudi kwa marehemu, akapiga goti. Kishikio chekundu kilikuwepo mahali pake. Alikivuta. Hakikwenda popote. Alikivuta kwa nguvu zaidi, wapi! Ndipo alipoupindua mkanda akatazama upande wa chini, ule unaogusa tumbo.

Uzi mweusi kwenye mkanda mweusi. Mishono midogo, imepangana, imepita kwenye ala ya pini na kuikamata barabara.

"Sajini."

"Afande."

"Hili umeliona wewe, nimeliona mimi, na ataliona daktari. Mtu wa nne asilisikie."

*

Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alisema shingo ilivunjika marehemu alipougonga ukuta. Alisema hapakuwa na maji kwenye mapafu, wala kileo wala dawa kwenye damu. Kisha akaufunua mkono wa kulia.

"Kucha mbili zimeng'oka nusu. Kiganja kimechanika hapa na hapa. Hizi ni alama za kile kishikio."

"Alikuwa na fahamu zake?"

"Mpaka ukutani."

Inspekta alikuwa na maswali mengine mawili. Hakuyauliza.

Alipofika kituoni alimkuta mume wa marehemu anamsubiri. Alikuwa fundi wa makochi, mtu mrefu mwenye mikono mipana, na kila mtu mtaani alimwita Fundi tu, kana kwamba hapakuwa na mwingine. Binti yao, aliyekuwa kidato cha tano, alikaa kando yake ameshika mkoba wa mama yake. Hakuuachia hata alipopewa maji.

"Pole sana, Fundi."

"Pole nimeshapoa, Inspekta. Nataka jina."

"Jina gani?"

"Ameniaga asubuhi, mzima, anacheka. Mtu mzima hafi hivi hivi. Kuna mtu amezembea, au kuna mtu amekusudia. Nataka jina lake, nijue ni nani. Basi. Sitamgusa."

Mkuu wa kituo huwaambia askari wake kila Jumatatu kwamba ahadi si kazi ya polisi. Inspekta mwenyewe huwaambia wadogo zake kazini maneno hayo hayo. Lakini alimwangalia yule binti na ule mkoba, akasikia mdomo wake ukisema:

"Nitakuletea jina."

*

Aliyekuwa majini na mwalimu asubuhi ile alikuwa daktari wa meno, naye mwanafunzi, mtu mnene mwenye huruma nyingi. Alihojiwa kwenye chumba chake cha kazi. Inspekta alikataa katakata kukaa kwenye kile kiti cha wagonjwa.

"Mlikuwa mnafahamiana vizuri?"

"Wanagenzi wote ni ndugu, Inspekta. Tulianza pamoja. Kwanza mchangani na tiara ndogo. Kisha kuburutwa majini bila ubao. Tumekunywa maji ya chumvi mimi na yeye ya kujaza pipa." Alitabasamu, kisha tabasamu likamfia mdomoni. "Jana alisimama."

"Alisimama vipi?"

"Juu ya ubao. Mara ya kwanza. Hesabu moja, mbili, tatu, halafu chubwi! Akaibuka anapiga kelele za furaha mpaka tukashangaa. Mama Kimya! Alisema miaka kumi na tisa amekuwa akiwaambia watu wanong'one. Akaomba arudie. Ndipo upepo ukaja."

"Aligombana na mtu yeyote?"

Daktari wa meno alisita. "Kugombana, hapana. Somo la tatu mwalimu alimfokea. Tulikuwa tunaburutwa, mama wa watu akaingiwa na hofu, akavuta chekundu bila sababu. Tiara ikaenda zake baharini. Yeye akabaki anaelea peke yake, na boti ilikuwa imeharibika injini. Karibu saa nzima. Jaketi alikuwa nalo, asingezama. Lakini aliye ufukweni haoni jaketi, anaona kichwa tu. Mumewe alikuwepo siku hiyo. Masikini, hajui kuogelea. Alikuwa anavua viatu, anavaa, anavua tena."

"Na mwalimu alimfokea nini?"

"Kwamba tiara ndiyo boya lako, usiiache. Ukiwa nayo hata kama imeanguka, unaonekana, unaishikilia, unaelea. Akasema..." Alijifuta jasho. "Ulikuwa utani, Inspekta."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Ukivuta tena bila sababu, nakishona hicho kishikio!' Tukacheka."

Mdomo uliponza kichwa. Saa kumi jioni mwalimu wa tiara alikuwa chumba cha mahojiano, bila mkanda wala kamba za viatu.

"Karatasi hii ni ya nini?"

"Ya ukaguzi kabla ya kuingia majini."

"Soma mstari wa sita."

"Kifyatulio cha dharura kimejaribiwa."

"Umeweka alama ya vema. Ulikijaribu?"

Mwalimu aliigeuza karatasi, kana kwamba jibu liko nyuma.

"Nimekuuliza."

"Ukikijaribu lazima ukifunge upya. Pini inaingia mchanga, unasafisha, dakika tano zimekwenda. Wanafunzi wanasubiri, upepo hausubiri. Vyote huwa vizima tu."

"Kwa hiyo hukukijaribu."

"Sikukijaribu."

"Ulisema utakishona."

"Ulikuwa utani!"

"Kimeshonwa."

Mwalimu aliposema, sauti yake haikuwa ya mtu anayejitetea.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa namwambia avute..."

"Nani aliushika ule mkanda kabla yake?"

"Ni wake. Alinunua mtumba. Anakuja nao, anaondoka nao. Afande, mimi hata kushika sindano sijui."

Kwenye kola ya shati lake, mahali pa kifungo, palikuwa na pini ya kubania nepi. Inspekta aliiona. Aliiona akaipita, kwa sababu jalada lilikuwa limeshapata mtuhumiwa, na mtuhumiwa alikuwa na sababu, na kule nyumbani kulikuwa na mtu anasubiri jina.

Ile pini ilimsumbua siku nzima iliyofuata, Jumatatu. Ripoti ya maabara ilipofika haikumsaidia kuisahau. Uzi wa kitani, uliopakwa nta kwa mkono. Mishono kumi na minane, imeshonwa kwa sindano mbili zinazopishana, mwanzo na mwisho imerudiwa. Fundo limefichwa ndani ya kitambaa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Sajini, akisoma begani kwake.

"Sajini, nikitaka methali nitakwenda shule."

*

Jumanne alikwenda kwa Fundi. Alijiambia anakwenda kuuliza kama marehemu alikuwa na ugomvi wowote na mwalimu. Ndivyo alivyoandika kwenye daftari la safari.

Karakana ilinuka gundi na vumbi la sponji. Kochi la watu watatu lilikuwa katikati, limevuliwa kitambaa, mbao na springi nje. Fundi alikuwa ameinama anapigilia mikanda ya chini, misumari midomoni. Binti alikuwa pembeni anapanga vipande vya vitambaa kwa rangi, kazi ambayo haikuwa na haja ya kufanywa.

Fundi alitema misumari kiganjani. "Watu wananiambia niache kazi nikae. Nikikaa, mikono hii nitaipeleka wapi?"

Walimpa mgeni kigoda chenye kiti cha ngozi. Inspekta alikaa. Vidole vyake, bila kutumwa, vikapapasa ukingo, vikaupata mshono. Mishono midogo, imelala upande mmoja. Mwisho imerudiwa. Alitafuta fundo. Hakulipata.

"Uzi gani huu, Fundi?"

"Kitani. Naupaka nta mwenyewe. Ule wa dukani unaoza."

Binti aligeuka. "Yule mwalimu atafungwa?"

"Mwanangu," alisema Inspekta, "naomba ukamwite Sajini. Yuko kwenye gari, kona ile."

Hakuwa na haja ya Sajini. Alisubiri mpaka hatua za binti zikapotea, kisha akatafuta swali, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakupenda swali lolote lipatikane.

"Yule mwalimu..." alianza.

"Mzembe!" Fundi alidakia, nyundo mkononi. "Mzembe wa kutupwa. Hatari aliijua. Siku ile mke wangu alipoachwa baharini, amesema mwenyewe, mbele ya watu, atakishona kile kishikio. Wenzake wanacheka, mimi nikasema moyoni, hapo amenena. Wiki nzima naangalia ule mkanda. Ameshona? Hakushona! Kazi yake, nimeifanya mimi."

Nje, mtu alikuwa anafagia. Ufagio ulisikika vizuri sana.

"Umeifanya nini, Fundi?"

"Nimekishona. Alhamisi, mke wangu yuko maktaba."

"Alijua?"

"Wapi! Angenikataza. Angesema namwonea wivu bahari yake. Nikashona kwa chini, uzi mweusi, asione." Alisema kwa fahari kidogo, fahari ya mtu aliyewahi kufanya jambo moja la maana kwa ajili ya mkewe. "Tiara ndiyo boya, si alisema yeye? Ukiwa nayo, hupotei. Saa nzima, Inspekta! Saa nzima nimemwona mke wangu kidoti, kinazama, kinaibuka, na mimi nimesimama na viatu mkononi. Mwanamume mzima! Nikaapa. Kile kitu hakitamwacha tena."

Inspekta alikuwa amewahi kuwakabili wauaji, na mmoja alikuwa na panga. Leo alitamani awe mbele ya yule mwenye panga.

"Mbona unaniangalia hivyo?" Fundi aliuliza.

"Keti, Fundi."

"Nitaketije? Sema."

"Kile kishikio..." Alitafuta njia ya kuzunguka, hapakuwa na njia. "Kile kishikio ndicho kinachomwokoa mtu, upepo ukizidi. Anakivuta, tiara inakwenda, yeye anabaki majini salama. Bila hicho, tiara inakwenda naye."

Fundi aliendelea kusimama. Uso wake ulikuwa mtulivu, kama mtu anayefanya hesabu ya kichwa na bado hajafika kwenye jibu. Halafu akafika. Inspekta aliona kabisa alipofika.

"Alikivuta?"

Angeweza kusema sijui. Sajini baadaye alimwambia angeweza kusema sijui.

"Alikivuta."

"Mara moja?"

"Zaidi."

Nyundo ilishuka taratibu, ikawekwa juu ya mbao za kochi, pembeni ya misumari, mahali pake. Fundi alijifuta mikono kwenye aproni, mmoja, kisha mwingine.

"Ndilo jina ulilosema utaniletea?"

Binti alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na Sajini nyuma yake, anawaangalia wawili hawa kwa zamu.

"Baba, kuna nini?"

"Funga karakana," alisema Fundi. "Nenda kakae na shangazi yako. Mimi naongozana na Inspekta."

"Kufanya nini?"

"Kuandikisha."

*

Garini hapakuwa na pingu wala maongezi. Walipofika, Sajini alimvuta Inspekta kando ya kabati la majalada.

"Afande, miezi tisa nimebakiza, niruhusu niseme. Hili jalada haliwezi kulala?"

"Kuna mtu selo."

"Yule mtoe. Ana kosa lake la kutokagua, ashitakiwe kwa hilo. Lakini huyu? Umfungulie mashitaka ya nini? Ya kumpenda mkewe?"

"Kuua bila kukusudia."

"Na yule mtoto abaki na nani?"

"Sajini, unadhani sijaliuliza hilo?" Sauti ilimpanda, watu wakageuka. Akaishusha. "Ripoti ya maabara iko kwa mkuu. Mishono imehesabiwa. Nifanye nini? Niambie, nikifanye."

Sajini alikwenda kuleta karatasi.

Fundi alipewa onyo la kisheria, akaambiwa halazimiki kusema lolote, na lolote atakalosema laweza kutumika mahakamani. Aliulizwa kama anataka wakili au ndugu awepo. Alikataa. Alisema yote, kwa mpangilio, kama fundi anayemweleza mteja alivyolirekebisha kochi. Inspekta aliandika kwa mkono wake mwenyewe, kurasa mbili na nusu.

Sheria inataka maelezo yasomwe kwa sauti mbele ya aliyeyatoa, ili arekebishe palipo na kosa kabla ya kuweka sahihi. Ni sheria nzuri, imewalinda wengi. Inspekta akasoma. Alisoma habari za somo la tatu na boti iliyoharibika. Alisoma habari za viatu. Alisoma Alhamisi.

"'...nikaupindua mkanda, nikakishona kishikio kwa uzi mweusi, ili tiara isimwache mke wangu baharini.' Ni sahihi?"

"Hapana. Hapo pamepungua."

"Pamepungua nini?"

"Umeandika nimeshona tu. Kushona kila mtu anashona." Fundi alikuwa anaangalia mikono yake juu ya meza. "Andika nilishona kwa sindano mbili, nikarudia mwanzo na mwisho. Mshono wa kochi la kukaliwa miaka ishirini."

Inspekta akaandika.

"Na nilipomaliza niliujaribu. Nilichukua koleo la kuvutia ngozi, nikakishika kile kishikio, nikakanyaga mkanda, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mara tatu. Haukukatika hata uzi mmoja."

Inspekta akaandika.

"Halafu?"

"Halafu nikafurahi."

Kalamu ilisimama.

"Hilo si lazima, Fundi."

"Andika," alisema Fundi. "Nilifurahi. Mke wangu alipotoka kazini akanikuta naimba, akaniuliza leo kuna nini, nikamwambia hamna kitu."

Inspekta akaandika hivyo, neno kwa neno, akamgeuzia karatasi, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kuweka sahihi.